Rangi ya Kufunika Kijani

...na kwa nini leo, Dilyan alijiuliza, kopo la kahawia mkono wa kulia, kopo la rangi ya mchanga mkono wa kushoto, mbele ya rafu ya tatu katika duka la Mama Totka, kwa nini iwe leo na si mwezi uliopita wala mwezi ujao, mtu amekaa na bunduki ya kijani miaka minne, hajawahi kuitolea kasoro, amepiga nayo picha kila msimu, mara anaamka Jumamosi asubuhi, siku mbili tu kabla ya mpelelezi kuzitaka bunduki zote mezani kwake, anapiga simu kahawa haijachemka, "Mdogo wangu, vaa viatu, twende tukachague rangi, nimechoka na kijani hiki," amechoka, eti amechoka, nani anachoka na rangi siku mbili kabla ya mpelelezi, na sasa yuko pale, Rangel, hatua nne kutoka kwake, mgongo mpana kama mlango wa gari lake la maziwa, ameinama, anasoma maandishi madogo nyuma ya kopo akilisogeza mbali na macho kwa sababu miwani ya kusomea anaionea haya, anauliza bila kugeuka, "Hii inashika kwenye plastiki?" na Dilyan akajibu, "Inashika ukiiosha vizuri kwanza, ukaipitisha msasa," kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya fundi, maana ndiyo kazi yake, anapuliza rangi magari kwenye gereji nyuma ya stesheni, na bunduki zote za kundi lao zimepita mikononi mwake... bunduki za mchezo tu, za betri, za kurusha gololi nyeupe za plastiki ndogo kama choroko, hazijaua mtu, ndivyo walivyozoea kuwajibu wake zao, hazijaua mtu, watu wazima kumi na mmoja wenye kazi na madeni na viuno vinavyouma, kila Jumapili wanakwenda kwenye kile kiwanda cha nguo kilichokufa nje ya mji wa Sliven, wanagawana pande mbili, wanakimbizana ngazi juu ngazi chini, aliyepigwa anainua mkono anasema nimekufa, saa saba mchana wote waliokufa na waliopona wanakaa kwenye nyasi kula soseji, mpaka Jumapili ile, wiki tatu sasa, Zornitsa alipoinua miwani yake ya kinga, hakuivua, aliinua tu, upana wa kidole, ilikuwa imejaa mvuke na alitaka kuipangusa, mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na sita, mara yake ya pili kucheza, na kwenye kona ya ukuta ukatokea mkono, mkono na mtutu bila kichwa, mtu asiyetaka kuonekana anatoa bunduki peke yake na kufyatua bila kutazama, jambo walilokatazana mara mia, na gololi moja katika zile ikaingia jicho la kushoto. Ndani ya gari, kichwa chake kwenye mapaja ya Rangel, alisema neno moja, kijani, basi, na bunduki za kijani ni mbili tu, ya Rangel na ya Dilyan, zilipakwa siku moja, kwa kopo moja, na wote wawili walisema si mimi, walisema mbele ya wenzao kwenye nyasi, wakasema tena mbele ya mpelelezi, Dilyan akaweka na sahihi, nilikuwa chini, kwenye ukumbi wa mashine, sikupanda juu, basi hesabu yenyewe si ngumu, wawili, mmoja anadanganya, na Dilyan anajijua.

"Mnapaka uzio, wanangu?" Mama Totka aliuliza kutoka kaunta, mbele yake gazeti la mafumbo na kahawa ya kikombe cha plastiki, na Rangel akajibu upesi, "Uzio, Mama Totka, uzio wa mama mkwe," bila kusita, bila hata kukohoa, na Dilyan akamtazama kisogo, sikia jinsi uongo unavyomtoka, laini, una mpaka mama mkwe ndani yake, mtu anayeweza kumjengea mama mkwe uzio ambao haupo atashindwaje kumjibu mpelelezi, na usoni hana kitu, masikio hata hayajawa mekundu, na mtu huyu ndiye aliyemshikia mshumaa kanisani siku anamwoa Svetla, ndiye msimamizi wa ndoa yake, ndiye aliyekuja na gari la maziwa usiku baba yake Dilyan alipofariki, akakaa jikoni bila kusema neno mpaka kulipokucha, na ndiye aliyempeleka mara ya kwanza kwenye kile kiwanda akamwambia hapa mtu anapiga kelele bila majirani kuita polisi, itakusaidia, na ilimsaidia, hilo halikatai, lakini kuna vitu vingine Dilyan ameviona, wiki tatu amekuwa akiviona, anaviweka kimoja kimoja kichwani, kwa mfano siku ile, wote waliganda, yeye mwenyewe Dilyan alisimama chini ya ngazi kama mti, lakini Rangel hakuganda, Rangel alimbeba yule binti mikononi mpaka kwenye gari, alijua wapi pa kushika, alijua hospitali gani ina daktari wa macho Jumapili, na mtu ambaye hajafanya kitu anajuaje haraka hivyo la kufanya, na kwa mfano matunda, kila Alhamisi Rangel anampelekea Zornitsa mfuko wa pichi, Svetla alimwona kwenye mzani wa sokoni akichagua moja moja, anazibonyeza, na nani anambonyezea mtu pichi wiki tatu mfululizo kama hana anachokilipia, na kwa mfano bunduki zenyewe, zote mbili, ziko kwenye buti la Rangel tangu siku ile, zilitupwa humo kwa haraka, na Rangel hajasema njoo uchukue yako, hajasema hata mara moja... Dilyan naye hajaiulizia, kweli, lakini yeye ana sababu, hakutaka kuiona, mtu yeyote asingetaka kuiona.

"Wewe ndiye fundi," Rangel alisema na kumgeukia, uso mwekundu kwa kuinama, "kahawia au mchanga?" na hapo ndipo ulipo mtego, Dilyan aliona waziwazi, anataka mimi nichague, anataka Jumatatu akiulizwa kwa nini bunduki yako imebadilika rangi aweze kusema muulizeni Dilyan, Dilyan alichagua, Dilyan alipuliza, mimi najua nini kuhusu rangi, mimi nauza maziwa, sawa, kama ni mitego basi na mimi ninao wangu, maana Dilyan anaijua rangi kama watu wengine wanavyowajua watoto wao, anajua kwamba rangi ya mchanga haifuniki kijani, utapiga mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na bado kijani kitapenya kutoka chini, kitaugeuza mchanga kuwa kama uso wa mgonjwa, lakini kahawia inakizika kijani kwa mkono mmoja, ikikauka hakuna atakayejua kilikuwepo, kwa hiyo mtu anayetaka tu kubadilisha sura atachukua mchanga, atasema vuli inakuja, nyasi za kule zimekauka, nitajificha vizuri zaidi, na mtu anayetaka kukizika kijani atauliza swali moja tu, basi tuone, na Dilyan akainua mkono wa kushoto, akasema kwa ulegevu, kama anayefikiria nyasi, "Mchanga ungependeza. Vuli hii." Akamtazama mdomoni. Rangel alipokea lile kopo, akaligeuza, gololi ya chuma ya kuchanganyia rangi ikagonga mle ndani, tak tak, akauliza, "Mchanga utafunika kijani?" Basi. Limetoka. Dilyan alikuwa na hakika ya wiki tatu na sasa hakika ile imepata miguu, akajibu, "Hautafunika. Kitaonekana kwa chini," na Rangel akatikisa kichwa taratibu huku na huku, kama watu wa kwao wanavyokubali, yaani ndiyo, nimeelewa, akamrudishia mchanga mkononi, akasema, "Basi kahawia," na hakuwa na aibu yoyote usoni, alionekana tu mchovu, ana vifuko chini ya macho ambavyo mwezi uliopita hakuwa navyo, na hivyo pia ni ushahidi, mtu asiye na lake moyoni analala, kwa nini halali, mimi pia silali lakini mimi silali kwa sababu yake yeye, kwa sababu ya kujua, kujua ni mzigo, nimeubeba peke yangu hata Svetla sijamwambia, Svetla anasema muulize tu, Dilyan, yule ni msimamizi wetu, muulize kwenye kahawa, unaogopa nini, na nitamuuliza nini, kaka Rangel, ni wewe uliyelitoboa jicho la mtoto wa watu...

"...mwalimu yule anakaa jengo letu," Mama Totka alikuwa akisema, na Dilyan hakujua ameanza kusema lini, labda Rangel alimuuliza, labda alianza mwenyewe, dukani kwake hakuna habari inayokaa zaidi ya siku moja bila kusemwa, "yule wa jicho, wa kwenye ule mchezo wenu wa vita, nyinyi si mnamjua? Mtoto mzuri. Nilimkuta jana kwenye lifti, ana kitambaa hapa, anataka kubonyeza namba nne, kidole kinapita pembeni, kinagusa ukuta, anacheka mwenyewe, ananiambia, shangazi, daktari anasema ni suala la kuzoea, jicho moja halijui kitu kiko mbali kiasi gani. Anacheka, lakini mimi nilipofika ndani kwangu nililia." Akalamba ncha ya kalamu. "Na chekechea wamempa likizo, maana watoto walianza kuogopa. Mimi nikamuuliza, kwani hukumwona? Akasema uso sikuuona, shangazi, niliona mkono na kijani tu, kijani mtutu mzima mpaka kwenye vidole, mpaka pale alipoishika, hata nilidhani ni glavu. Na unajua anasema nini? Anasema hana haja ya kumfunga mtu. Anataka tu mtu aje, akae kwenye kiti, aseme ni mimi. Basi. Mimi ningetaka afungwe, lakini yeye ndivyo anavyosema." Na Rangel akasema, "Ndivyo alivyoniambia na mimi," kwa sauti ya chini, na Mama Totka akarudi kwenye mafumbo yake, akauliza kama kuna anayejua mto wenye herufi tano.

Mpaka kwenye vidole, Dilyan alisikia, na neno lile likapita, halafu likarudi, likasimama mbele yake kama mtu aliyesahau kitu mlangoni, mpaka pale alipoishika, hapana, amekosea, yule binti alikuwa na nusu sekunde na mvuke kwenye miwani, ataonaje mpaka kwenye vidole, maana bunduki ya Rangel kijani chake hakifiki kwenye vidole, hilo Dilyan analijua kuliko mtu yeyote kwa sababu alikipuliza yeye, miaka minne iliyopita, Jumamosi kama hii, uani pale gereji, alianza na yake, akaipaka yote, mwanzo mwisho, mpaka kitako, halafu ya Rangel, na kopo likaanza kukohoa katikati ya mtutu, likatema matone mawili likakata, akasema subiri nikachukue lingine, na Rangel akasema acha, acha ilivyo, ni ya kuchezea, tukale, na ikabaki hivyo, kijani shubiri moja kwenye ncha, na kuanzia hapo nyeusi, nyeusi mahali pote pa kushika, kundi zima lilimcheka, walisema kaka Rangel bunduki yako imevaa soksi... lakini binti amekosea, mshtuko unamchanganya mtu rangi, jeusi kwenye kivuli linaweza kuonekana kijani, Dilyan mwenyewe kazini hachagui rangi ya gari kabla hajalitoa juani, na mle kiwandani ghorofa ya pili hakuna jua, madirisha yamezibwa kwa mbao upande ule wote, mwanga unaingia kwa juu tu, unaangukia ngazini... na umejuaje mwanga unaangukia wapi, aliuliza mtu ndani yake, ulikuwa chini, na akamjibu haraka, nimecheza mle miaka sita, nakijua kiwanda kizima, hilo si swali, swali ni kwa nini Rangel hakushtuka, tazama, Mama Totka ametaja vidole na Rangel hakushtuka, mtu mwenye hatia angeshtuka, au angefurahi, maana maneno yale yanamwokoa, angeyarukia pale pale, angesema umesikia, mpaka kwenye vidole, yangu haifiki kwenye vidole, lakini hakufurahi, hakusema kitu ila ndivyo alivyoniambia na mimi, alimwambia lini, Alhamisi, Alhamisi ipi, ya kwanza labda, kwa hiyo amelijua jambo hili wiki tatu, ana mfuko wa pichi mkononi na jambo hili mfukoni na hajalitoa, sio kwangu, sio kwa wenzetu, sio kwa mpelelezi, neno moja tu lingemtoa yeye na hajalisema, na kwa nini, anapanga nini, mtu ananyamazia kitu kinachomwokoa kwa sababu gani, anakiweka kwa ajili ya siku gani, anataka nini kwangu...

Rangel alisogea. Alisimama karibu naye kabisa, bega kwa bega, wote wawili wanatazama makopo kama watu wanaotazama samaki kwenye kioo, akinuka maziwa na sigara kama siku zote, akasema polepole, kwa chini, ili isifike kaunta, "Makopo mawili yatatosha, au matatu?" na Dilyan akasema, "Kwa bunduki moja? Moja linabaki." Rangel akasema, "Si moja. Zote mbili. Yangu na yako. Mwanzo mwisho, mtutu mpaka kitako, zifanane. Ufanye leo, zikauke kesho. Jumatatu tunaziweka mezani, wakiuliza tunasema tulizipaka kwa ajili ya vuli, sote wawili, na mpelelezi hatajua ipi ilikuwa na soksi, wenzetu hawatamwambia." Akaongeza, "Sikuombi uniambie kitu, Dilyan. Sijakuuliza na sitakuuliza. Chagua tu ile inayofunika."

Na Dilyan akatafuta ile shaka yake, akaitafuta kama mtu anayepapasa swichi gizani, hapa ndipo ilipokuwa, wiki tatu ilikuwa hapa, akatafuta mtego ndani ya maneno yale, lazima uwepo, hakuna mtu anayefanya hivi bure, anataka kunifunga kwake maisha yangu yote, anataka nikipaka rangi niwe nimekiri, anataka... na kila alipoishika ilimponyoka, kwa sababu Rangel alikuwa anatazama makopo na kidevu kinamtetemeka, mtu wa miaka arobaini na minane, kidevu kinamtetemeka mbele ya rangi za kupulizia, na hapo vitu vyote alivyoviweka kimoja kimoja vikageuka mgongo vikamwonyesha uso wa pili, alimbeba binti kwa sababu kulikuwa na mtu wa kubebwa, akanunua pichi kwa sababu yeye ndiye aliyemwalika kwenye mchezo ule, akazificha bunduki kwenye buti ili zisionekane, ili moja isionekane, na usiku halali, na mimi nimekaa wiki tatu nikimhesabia vifuko vya macho... na ngazi ikafunguka. Haikuwa imepotea, hata siku moja, ilikuwa imefunikwa tu, mkono mmoja wa kahawia, na sasa ilikuwa ile pale, ngazi ya mashariki, ghorofa ya pili, vumbi linaelea kwenye mwanga unaotoka juu, mdomo wake mkavu, betri mpya kwenye bunduki, amepanda dakika tano zilizopita kwa sababu kule chini hapakuwa na mtu wa kupiga na alikuwa amechoshwa na kufa, Jumapili tatu mfululizo alikuwa wa kwanza kufa na wenzake walianza kumwita marehemu, njoo marehemu, mpe marehemu soseji, na akasikia hatua upande wa pili wa ukuta, nyepesi, kiatu kinasaga kioo kilichovunjika, na badala ya kuchungulia, kwa kuwa ukichungulia unapigwa, alitoa mkono. Mkono tu. Akabonyeza. Alihesabu mpaka tatu, alikumbuka sasa kwamba alihesabu, moja mbili tatu, na alikuwa anatabasamu, hilo ndilo lililokuwa chini kabisa, chini ya yote, alikuwa anatabasamu kwa sababu alijua amempata mtu, na ukaja ule ukelele, haukuwa hata ukelele, ulikuwa kama mtu aliyemwagikiwa na chai, ah, hivyo tu, na yeye akashuka. Hakukimbia. Alishuka akikanyaga ukingo wa ngazi ili zisilie, akasimama chini kwenye ukumbi wa mashine, na walipopita na binti mikononi alikuwa pale, amesimama kama mti, na mtu fulani akamuuliza ulikuwa wapi, akasema, hapa, nilikuwa hapa chini, na neno lilipomtoka tu akaliamini, alilivaa kama koti, na kwa kuwa kuna bunduki mbili za kijani na yeye alikuwa chini, basi ni Rangel, masikini Rangel, ni nani angemdhania, na tangu siku ile akaanza kumchunga.

"Mnachukua ngapi?" aliuliza Mama Totka. "Saa saba nafunga, Jumamosi hii." Rangel akasema, "Tunakuja, Mama Totka, fundi anafikiri," na akamgusa Dilyan kiwiko, kidogo, kama unavyomgusa mtu aliyesinzia kwenye basi kituo chake kikikaribia. Dilyan alifumba jicho la kushoto. Hakupanga, jicho lilifumba lenyewe, na rafu ikasogea, makopo yote yakaja kwenye mstari mmoja kama yamechorwa ukutani, njano, nyekundu, kijivu, hayana mbele wala nyuma, akanyoosha mkono kulirudisha kopo la mchanga mahali pake na kitako cha kopo kikagonga ubao, kiligonga sentimita tano kabla ya alipodhani ubao upo, akajaribu tena, taratibu, na tena likagonga, na akawaza gereji, akawaza kusimama mbele ya mlango wa gari na bomba la rangi mkononi bila kujua mlango uko mbali kiasi gani, angekuwa anapaka hewa, akawaza watoto wadogo wanaomkimbilia mwalimu wao na mwalimu anainama kumpokea wa mbele na mikono inapita pembeni yake, na kitufe cha lifti, na namba nne, na anacheka. Akafumbua. Kila kitu kikarudi mahali pake, bure, bila yeye kufanya lolote, macho mawili yakafanya kazi yao, na hilo likamuumiza kuliko lolote.

Anaweza kuchukua kahawia. Alilipima wazo hilo kwa uaminifu, kama anavyopima rangi, alilitoa juani. Makopo mawili, msasa, sabuni, mchana huu uani, kazi ya saa mbili, na ataifanya vizuri, haitaonekana hata alama, Jumatatu mpelelezi ataona bunduki mbili za kahawia na watu wawili wa makamo wanaosema vuli, ataandika, atafunga faili, na kila Alhamisi Rangel atabonyeza pichi sokoni, na kila Jumamosi atapiga simu kuuliza hali, na hatasema kitu, ndiyo maana anatisha, kwa sababu hatasema kitu mpaka afe, alikaa jikoni usiku mzima bila kusema neno na anaweza kukaa hivyo miaka thelathini, na mimi nitaanza tena, hilo Dilyan alilijua kwa hakika, baada ya mwezi, baada ya mwaka, nitaanza kumtazama kisogo, nitasema kwa nini alinisaidia, alikuwa anaficha nini, na siku moja nitaamka nimeamini tena kwamba nilikuwa chini. Jumatatu watanifanya nini, hajui, kuna neno la kisheria, Svetla atakaa kwenye kiti cha jikoni na kufunika mdomo, bosi wa gereji atasema tuone kwanza, na kile kiti, kile kiti kingine, chumbani kwa yule binti, ataingiaje, atashika nini mikononi, mtu anaingia na mikono mitupu kwenye nyumba kama ile akisema nini kwanza, shikamoo, habari za asubuhi, jina langu unalijua...

"Kaka Rangel," alisema, na sauti ilitoka vibaya, kavu, ikabidi aanze upya, "kaka, nilikuwa juu." Rangel hakugeuka. Aliendelea kutazama rafu, mkono wake mnene umeshika ubao, akasema, "Fikiria vizuri, mdogo wangu," na Dilyan akasema, "Nilikuwa juu, ghorofa ya pili," na mara hii ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikafika kaunta, na Mama Totka akainua macho kutoka kwenye gazeti, kalamu bado mdomoni, akawatazama mmoja halafu mwingine, akauliza, "Juu wapi, mwanangu?" na lori likapita nje na vioo vikatetemeka kidogo, na Dilyan akaona kwamba itabidi aseme tena, na leo jioni tena, na Jumatatu tena, na kwamba kusema mara mbili hakujaifanya iwe nyepesi hata kidogo, akamgeukia yule mama, akavuta pumzi...